Watu wa Visiwani na Dini Zao: Kitabu cha Prins Katika Mizani ya Tanga

Vitabu vya elimu ya makabila vina desturi ya kuanza na jina. Kabla ya msomaji kuonyeshwa nyumba, shamba, chombo au msikiti, huambiwa kwanza kwamba watu hawa ndio fulani, na kila aliyetiwa ndani ya jina hilo huhesabiwa kuwa amekwisha julikana. Desturi hiyo ina taabu zake hata katika nchi za bara. Katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika pwani inayovielekea, taabu ni kubwa zaidi, kwani huko mtu aweza kuwa na majina matatu na asiseme uwongo kwa hata moja.

Miongoni mwa vitabu vilivyojitwika kazi hiyo, kinachostahili kusomwa tena kwa makini ni The Swahili-Speaking Peoples of Zanzibar and the East African Coast, kilichotungwa na A. H. J. Prins, mtaalamu wa Kiholanzi, na kutolewa London mwaka 1961 katika mfululizo wa maelezo ya makabila ya Afrika. Ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa 150, lakini kilikusanya mahali pamoja habari zilizokuwa zimetawanyika katika vitabu vya wasafiri, taarifa za maofisa na majarida ya wataalamu. Wanafunzi wengi wa Kiswahili walijifunzia humo kwa mara ya kwanza mpangilio wa watu wa Unguja, Pemba na pwani. Sifa hiyo haina budi kutangulizwa, maana makosa ya kitabu kisichofaa hayana haja ya kuhakikiwa.

Chini ya jina la kitabu pameandikwa, katika mabano, majina matatu: Waarabu, Washirazi na Waswahili. Katika majina hayo matatu ndimo ilimo nguvu ya kitabu na ndimo ulimo udhaifu wake. Nguvu, kwa sababu yanampa msomaji mgeni ngazi ya kupandia. Udhaifu, kwa sababu yanafanya watu wa bahari waonekane kama mali iliyopangwa ghalani, kila aina na rafu yake. Visiwani jina la kabila limekuwa zaidi ya alama ya asili: limekuwa dai, na kila dai lina anayedaiwa. Mtaalamu alipaswa kuuliza ni nani adaiye, kwa nani, na kwa haja gani. Kitabu kinachoyapokea majina hayo kama vichwa vya orodha huiandika hoja ya watu kana kwamba ni umbile lao.

Mizani ya kupimia neno hilo yapatikana Tanga. Kisiwa cha Pemba kiko mbele yake, na kati ya pwani hizo mbili vyombo havikukoma kwenda na kurudi. Wavuvi wa Kipemba wana mazoea ya kwenda dago katika pwani ya Mrima, kupiga kambi kwa majira, na wengine kuoa na kutorudi. Tukichukua Nguvumali, kata mojawapo ya jiji la Tanga, mfano wa nasaba unaotazamiwa huko si wa ajabu kwa mwenyeji yeyote: baba wa baba ni Mdigo, mama wa baba ni Msegeju, baba wa mama alivuka kutoka Pemba, na mama wa mama ni Mbondei aliyesilimu alipoolewa. Mtoto wa nyumba hiyo akiulizwa kabila lake mbele ya karani atataja moja. Akiulizwa msibani atataja jingine. Na akiulizwa Pemba, kwa ndugu za babu yake, atataja la tatu. Hajidanganyi wala hadanganyi. Kila jina lajibu swali lake.

Sasa mtoto huyo atafutwe katika kitabu cha Prins. Jambo la kwanza litakalomshangaza msomaji ni kwamba nusu ya nasaba yake haimo, wala haikuwekwa pembeni kwa kusahauliwa. Prins mwenyewe, mwaka 1952, katika mfululizo huo huo, alikwisha toa kitabu kingine, The Coastal Tribes of the North-Eastern Bantu, kinachoeleza Wapokomo, Wanyika na Wataita. Na Wadigo, wakiwa moja katika makabila tisa ambayo siku hizo yaliitwa Wanyika na leo yaitwa Mijikenda, wamo katika kitabu hicho cha awali. Basi Mdigo yuko katika juzuu moja na Mswahili yuko katika juzuu nyingine, na kati yao umejengwa ukuta wa jalada. Lakini Tanga ukuta huo ungepita katikati ya ua wa nyumba moja. Wadigo wa huko ni Waislamu kwa wingi, Kiswahili ni chao cha kila siku pamoja na Kidigo, na katika sala, ndoa na maziko husimama safu moja na jirani zao. Lipo jambo la kweli linalowatenga, nalo ni desturi yao ya kale ya kurithi kwa upande wa mama, ambayo iligongana na mirathi ya sheria ya Kiislamu. Hata hivyo, mgongano huo ulikuwa ndani ya nyumba za Waislamu, na mwamuzi wake alikuwa kadhi. Haukuwa mpaka kati ya kabila na kabila.

Wanazuoni wa lugha wana ushahidi wa kuutia nguvu ukosoaji huu. Kidigo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika Swahili and Sabaki (1993), walionyesha kwa urefu kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Ngazija na visiwa vyake ni matawi ya shina moja la Sabaki. Tena ndani ya Kiswahili chenyewe, lahaja za mpakani zinapokea sifa za jirani bila kuomba ruhusa ya wenye orodha. Majina peke yake yatosha kuwa mfano: lahaja ya Wachifundi huitwa Chichifundi, kwa kiambishi cha chi-, kama Chidigo kiitwavyo na wenyewe, bali jirani zake huitwa Kivumba na Kimtang'ata. Mpaka wa sauti umepita ndani ya Waswahili, haukupita kati yao na Wadigo.

Yafaa hapa kukumbuka kazi ya W. H. Whiteley, ambaye katika miaka ya 1950 alitoa vijitabu vya lahaja, kimoja juu ya Kimtang'ata (1956) na kingine juu ya lahaja na mashairi ya Pemba (1958). Whiteley hakuanza na kabila. Alianza na mahali na midomo ya watu, akaandika yanayosemwa. Kwa hiyo kazi yake, ingawa ni ndogo, haikuchakaa kwa upande huu: mtu asemaye Kimtang'ata aweza kujiita Mshirazi, Msegeju au Mswahili, na maelezo ya lahaja yake yakabaki kuwa kweli. Prins aliutia umoja wa lugha katika jina la kitabu, kisha akauweka kando alipogawa sura.

Mfano wa Wasegeju unazidisha hoja. Katika karne ya kumi na sita walitajwa na waandishi wa Kireno kuwa ndio waliowasaidia watu wa Malindi dhidi ya Wazimba mwaka 1589. Leo Wasegeju wa pwani, kaskazini ya Tanga, wamekwisha iacha lugha ya mababu zao. Wanaoisema bado, yaani Kidaiso, ambacho ni jamaa ya Kikamba na Kikikuyu, wako chini ya milima ya Usambara. Ni watu wa jina moja na historia moja, waliogawanyika kwa ujirani: waliokaa baharini walipokea lugha ya bahari. Basi Msegeju wa pwani ni Mswahili tangu lini? Swali hilo halijibiki kwa kutazama damu, wala kwa kutazama jina.

Zaidi ya hao wapo waliokuja kwa mkonge. Mmea huo uliletwa katika nchi ya Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule ulioanza ujenzi wa reli, na tangu hapo mashamba yaliita watu kutoka pande zote za nchi na hata nje yake, wale walioitwa manamba. Wengi walirudi kwao. Wengi walibaki, wakajenga mitaani, na watoto wao wakazaliwa na Kiswahili vinywani. Hata kabla yao njia hiyo ilikuwa wazi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui, Tanga, mwaka 1909, na kufariki mwaka 1962, asili ya ukoo wake yatajwa kuwa ya Wayao; naye alijihesabu Mswahili, na hakuna mwenye haki ya kulikataa jina hilo kwake. Si Mwarabu, si Mshirazi. Na ikiwa ni Mswahili kwa maana ya kitabu, basi jina la tatu katika orodha si kabila kama mawili ya kwanza. Ni mlango.

Hapo ndipo yaonekanapo kwamba majina matatu ya Prins si ya jinsi moja. Jina la Uarabu ladai nasaba ya upande wa baba. Jina la Ushirazi ladai ukale wa ukaazi: mwenye jina hilo asema kwamba watu wake walikuwapo kisiwani kabla ya Waomani na kabla ya watumwa. Jina la Uswahili halidai nasaba wala ukale. Ladai lugha, mavazi, dini na adabu ya mjini. Kuyapanga safu moja ni sawa na kupima nguo kwa kibaba.

Ushahidi wa neno hili ulikuwapo katika hesabu za serikali tangu zamani za kitabu. Katika Unguja na Pemba, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu waliojiandikisha kwa jina la Waswahili ilianguka mno. Hapakuwa na tauni iliyowachagua Waswahili peke yao, wala hawakuhama. Walibadili jina. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na mtu mwenye heshima zake aliona afadhali aitwe kwa jina la kisiwa chake, Mhadimu, Mtumbatu au Mpemba, na baadaye Mshirazi. Ni kweli kwamba idadi hizi ni za karani, na karani ana yake. Lakini karani hakuyavumbua majina, aliyaandika aliyoambiwa.

Juu ya Ushirazi wenyewe, elimu ya siku hizi imeongeza lisilowezekana kujulikana mwaka 1961. Uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa pwani, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wengi wa wale waliochunguzwa walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa kwa upande wa kina mama, na kwamba sehemu iliyotoka Asia ilikuja zaidi kwa upande wa kina baba, na kwa wingi kutoka Uajemi. Wako watakaolipokea jambo hilo kama hukumu kwamba hadithi za Shirazi ni kweli. Wengine watalipokea kama hukumu kwamba Waswahili ni Waafrika. Yote mawili yamo, na hakuna moja linalomfukuza mwenzake. Lakini hata mfupa hausemi jina. Aliyezikwa chini ya nguzo ya kaburi la Tongoni, kusini ya Tanga, ametuachia mawe na mapambo. Hakutuachia jibu la swali la karani.

Huenda mtu akauliza kama ubishi huu wa majina una uzito wowote nje ya maktaba. Jibu limo katika tarehe. Chama cha Washirazi kilianzishwa Pemba mwaka 1939. Mwaka 1957 Washirazi wa upande mmoja waliungana na chama cha Waafrika, ndipo kikazaliwa chama cha Afro-Shirazi. Mwaka 1959 wengine wakajitenga, hasa wa Pemba, wakafanya chama chao. Mwezi wa Juni mwaka 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 waliuawa Unguja katika ghasia, na wengi wao waliuawa kwa ajili ya jina lao la Uarabu. Mwaka huo huo ndio uliotoka kitabu chenye majina matatu katika mabano. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi. Hapana anayeweza kusema kwamba kitabu cha kitaalamu kilichochapishwa London kilimnyoshea mtu panga. Lakini katika mwaka ambao majina yalikuwa yakihesabiwa kwa maiti, msomaji alikuwa na haki ya kupata kitabu kinachomweleza jinsi majina hayo yalivyofanywa, na kwamba yaliyofanywa na watu yaweza kufanyika vingine. Alipewa orodha.

Kosa la orodha halikuishia katika makabila. Limeingia katika dini pia. Mpango wa mfululizo huu huipa dini sura yake, baada ya uchumi, jamaa na utawala, kana kwamba ni chumba cha nyuma ambacho mtu huingia akimaliza kazi. Ndani ya sura ya namna hiyo hutokea mara nyingi mgawanyiko wa pili: Uislamu upande huu, na mizimu, pepo na uganga upande ule. J. Spencer Trimingham, katika Islam in East Africa (1964), aliusoma vile vile Uislamu wa pwani kama mkutano wa mifumo miwili, mmoja wa Kiislamu na mmoja wa Kibantu. Maelezo hayo yana kweli ndani yake, ila yana hatari ya kumfanya msomaji adhani kwamba dini ni ngozi ya juu, na chini yake amelala mtu mwingine aliye wa asili zaidi.

Umri wa mambo waikataa dhana hiyo. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, yako maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Katika Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale waligundua misikiti ya mwanzo iliyokwenda nyuma hata karne ya nane. Ndani ya bandari yenyewe ya Tanga kiko kisiwa ambacho Wajerumani walikiita Toten, yaani cha wafu, kwa sababu ya makaburi yake, na humo yako magofu ya misikiti. Dini iliyokaa mahali muda wa miaka mia tisa haiitwi ngozi. Ni mwili.

Itazamwe Siku ya Mwaka, ambayo Sir John Gray aliiandikia makala yenye faida mwaka 1955. Jina lake la pili, Nairuzi, ni la Kiajemi. Hesabu yake ni ya jua, tofauti na mwezi wa Kiislamu, na manahodha waliitumia kujua majira ya kaskazi na kusi, wakulima wakaitumia kujua wakati wa kupanda. Makunduchi husherehekewa kwa kuchoma kibanda na kupigana kwa makuti ya migomba, kisha watu wakala pamoja. Je, hii ni dini, au ni falaki, au ni kilimo, au ni historia? Kitabu chenye vyumba hakina budi kuikata vipande vinne. Mwenyeji huiita mila, na neno hilo halina sura yake katika mpango.

Au litazamwe kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani katika sahani, huosha kwa maji, na mgonjwa hunywa. Mwenye kuandika ni msomi wa Kurani. Mwenye kunywa anamwomba Mungu mmoja. Na jirani anayepita atasema kwamba fulani ametazamwa na mganga. Katika mapango ya Amboni, nje kidogo ya Tanga, uko mzimu ambako watu wa dini mbalimbali hupeleka sadaka na haja zao. Msomaji wa sura ya dini ataelekezwa kuuliza ni kiasi gani cha Uislamu na kiasi gani cha upagani kimo katika mambo hayo. Swali hilo ni la mpishi anayekisia chumvi. Linalofaa zaidi ni kuuliza ni nani, katika watu wenyewe, asemaye kwamba jambo hili lafaa na lile halifai, na kwa dalili gani.

Maana watu wenyewe hawakuwa kimya. Mashekhe wa pwani walibishana juu ya mipaka hiyo kwa elimu na kwa ukali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, mwenye tafsiri ya Kurani Takatifu iliyokamilishwa kuchapishwa mwaka 1969, walizipinga kwa kalamu desturi walizoziona kuwa ni bidaa. Na wako waliosimama upande wa pili kuzitetea, wakiwa na vyeo vya elimu si haba. Tanga yenyewe ilikuwa na mwanazuoni wake, Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, ambaye kitabu chake cha Kiswahili juu ya sheria ya ndoa, Nikahi, kilitafsiriwa na J. W. T. Allen mwaka 1959. Palipo na ubishi wa namna hii hakuna tabaka mbili zilizolala moja juu ya nyingine. Kuna jamii moja inayohojiana, na mpaka wa dini na mila umehama kila kizazi kwa nguvu ya hoja. Mtaalamu akiuchora mpaka huo kwa wino wake, amewanyang'anya wenyewe ubishi wao.

Hapa jina la Nguvumali laleta faida ya pili, kwa kuwa mwanafunzi wa fasihi halisikii asikumbuke utenzi wa Hasani bin Ismail, Swifa ya Nguvumali, uliohaririwa na Peter Lienhardt na kutolewa Oxford mwaka 1968. Mganga anayesifiwa humo si wa Tanga. Habari zake ni za upande wa kusini, wa Kilwa. Lakini njia aliyoishika mhariri ni funzo kwa jambo linalozungumzwa. Lienhardt aliuchapa utenzi mzima kwa Kiswahili chake, akautafsiri, na dibaji yake ndefu ikaja kuutumikia. Kwa hiyo msomaji humsikia mtunzi Mwislamu akimsifu mganga mfichua wachawi, katika bahari ile ile ya utenzi ambayo wengine waliitumia kusimulia Mitume na vita vya dini, na hasikii kishindo chochote cha mifumo miwili inayogongana. Huo ni ushahidi ambao maelezo ya mtu wa nje hayawezi kuutoa. Prins aliyetumia taarifa za wengine alikosa sauti hiyo.

Liko na jambo la tatu ambalo orodha hulificha, nalo ni njia. Dini za pwani ya Tanga zilikuja kwa chombo, na mara nyingi zilipitia kisiwani. Twarika ya Kadiria ilienea kwa nguvu za Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, na Unguja ilikuwa kituo chake kikubwa. Shadhilia ilitoka Ngazija kwa Sheikh Muhammad Maaruf, aliyefariki mwaka 1905. Uibadhi ulikuja na Waomani, ukabaki hasa Unguja na Pemba. Wahindi walileta Ushia wa namna tatu, wa Ithnaashari, wa Ismailia na wa Bohora, pamoja na dini ya Kihindu. Ukristo wa Bonde nao ulifuata mkondo huo huo. Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, ikatuma watu Magila katika muongo huo huo, ikatia mizizi huko tangu 1875. Na vijana wa Kibondei walivuka bahari kwenda kusoma Kiungani. Edward Steere aliandika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na lahaja hiyo ndiyo iliyochaguliwa baadaye kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mbondei Mkristo aliyefunzwa Kiungani alikuwa msemaji wa Kiswahili cha kisiwani kuliko Waislamu wengi wa Mrima. Katika majina matatu ya Prins hana pa kukaa.

Kwa haki ya mwandishi, yasemwe yanayoweza kusemwa kumtetea. Mfululizo ulikuwa na mpango uliokwisha wekwa, na aliyepewa juzuu hakupewa uhuru wa kuuvunja. Tena Prins alihisi taabu iliyomkabili: jina la kitabu halisemi Waswahili, lasema watu wasemao Kiswahili, kwa wingi, na tahadhari hiyo si ya mtu mzembe. Wala haifai kumhukumu kwa kutojua yaliyogunduliwa baada yake. Hukumu ifaayo ni juu ya yale aliyokuwa nayo mkononi: sensa zilizobadilika majina, lahaja zilizovuka mipaka, na kitabu chake mwenyewe cha 1952 kilichokuwa upande wa pili wa ukuta.

Utetezi bora zaidi aliutoa yeye mwenyewe. Mwaka 1965 alitoa kitabu kingine, Sailing from Lamu, juu ya vyombo na watu wa bahari. Huko aliacha kuuliza watu ni nani, akauliza wanafanya nini: wanaunda vipi chombo, wanakodi vipi mabaharia, wanagawana vipi faida, wanasoma vipi pepo na nyota. Na ghafla watu wale wale waliokuwa wamesimama mbalimbali katika orodha wakaonekana ndani ya jahazi moja, Mwarabu nahodha, Mbajuni baharia, kila mmoja na jina lake, na kazi ikiwa ya wote. Kitabu hicho cha pili ndicho kijibu cha kile cha kwanza.

Kazi iliyobaki yajulikana. Juu ya visiwa vya Tanga na watu wa Pemba wanaovuka kuja Mrima bado hapajaandikwa kitabu kinachofuata njia badala ya majina: kinachomfuata mvuvi kutoka Kojani mpaka dago lake, na kutoka dago mpaka mtaani; kinachofuata uradi wa twarika kutoka msikiti mpaka msikiti; kinachomuuliza bibi wa Nguvumali majina yake yote, na kila moja alilitumia lini na mbele ya nani. Mwenye kuandika kitabu hicho asikiache cha Prins nyumbani. Akichukue, kwani kina habari nyingi atakazozihitaji. Ila ayafute mabano yaliyo chini ya jina lake kabla ya kupanda chomboni.